Baraka – Fizi: Dodge Charger, gari la ndugu wa Marekani na deni ambalo halionekani kwenye picha

Katika mji wa Baraka, Dodge Charger haijulikani kwa mlio wa motere yake. Inajulikana kwa simu. Vijana wa Mushimbakye, wa Mboko, wa Fizi-Centre na wa Misisi wameiona mara nyingi kwenye WhatsApp na TikTok: pua pana, taa nyekundu inayopita mkia wote kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na mbele yake ndugu, binamu ama rafiki waliyesoma naye kambini Nyarugusu, funguo mkononi. Chini ya picha ameandika maneno ya kumshukuru Mungu. Dakika chache kiisha, ujumbe wa nyumbani unaanza kuingia. Kwanza ni hongera. Kisha ni minerval ya watoto, dawa ya mama, mabati ya nyumba.

Anayetuma ujumbe huo Baraka anadhani mwenye gari ni tajiri. Mwenye gari mara nyingi hana hata dola mia moja mfukoni wiki hiyo, juu gari si lake bado. Ni la benki, na litabaki la benki kwa miaka mitano, sita, hata saba.

Jambo hili linagusa familia nyingi za wilaya ya Fizi. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka wa 1996 kupokea Wakongomani waliokimbia vita, na wengi wao walikuwa wametoka Kivu Kusini, hasa Fizi. Maelfu yao wamepelekwa Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 walikuwa karibu 20,000. Leo kuna watu wa Fizi Kentucky, Ohio, Iowa, Texas, Arizona na Idaho, wengine katika viwanda vya nyama, wengine katika maghala, wengine wakitunza wazee. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kwa hiyo wale waliotangulia ndio wanaobeba mzigo wa wale waliobaki, na idadi yao haiongezeki tena kama zamani.

Hapo ndipo uamuzi wa kijana mmoja mbele ya gari jeusi, kwenye uwanja wa muuzaji huko Louisville ama Des Moines, unageuka kuwa jambo la watu kumi na wawili huko Baraka.

Gari lenyewe

Charger ya kwanza iliuzwa mwaka wa 1966. Milima ya Fizi wakati huo ilikuwa bado moto kwa sababu ya uasi wa Simba. Che Guevara, aliyekuja kupigana upande wa waasi, alikuwa amevuka ziwa kurudi Kigoma Novemba 1965. Huko Marekani amani ilikuwa ya kutosha vijana kuota mwendo. Makampuni ya Detroit yalichukua magari ya bei ya kadiri na kuyatia motere kubwa kupita kiasi. Wamarekani waliyaita magari ya misuli. Motere ya Hemi ya silinda nane iliyowekwa katika Charger za wakati ule ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 425. Mwaka wa 1969 ikatoka Charger Daytona, yenye pua ndefu na bawa kubwa mgongoni, na Machi 1970 dereva Buddy Baker aliiendesha kwenye uwanja wa Talladega kwa zaidi ya maili 200 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 320. Kisha televisheni ikafanya kazi yake: kati ya 1979 na 1985, Charger ya rangi ya chungwa ilikuwa ikiruka mito kila wiki katika mchezo wa The Dukes of Hazzard.

Charger hizo zote zilikuwa na milango miwili. Jina liliporudi katika modeli ya mwaka wa 2006, kampuni ilifanya jambo lililowakasirisha wapenzi wa zamani: iliipa milango minne. Lakini uamuzi huo ndio ulioifikisha kwa watu wetu. Gari la milango miwili ni la mtu asiye na watoto. La milango minne linaweza kuelezwa mbele ya mke, mbele ya mchungaji na mbele ya mjomba kuwa ni gari la familia.

Ni la familia kweli? Lina viti vitano. Baba mwenye watoto sita, na Fizi hiyo si familia kubwa, anahitaji vani kama Toyota Sienna ama Honda Odyssey. Ndizo magari yanayojaa mbele ya makanisa ya Wakongomani siku ya Jumapili. Charger mara nyingi inanunuliwa na kijana wa kwanza katika nyumba aliyepata kazi, yule aliyefika Marekani akiwa na miaka kumi na mbili na sasa ana ishirini na tatu.

Kitu cha kujua ni kwamba jina moja linafunika magari tofauti sana. Yenye silinda sita na ujazo wa lita 3.6 ina farasi 292. Hiyo ndiyo nyingi barabarani, na ndiyo iliyo kwenye picha nyingi. Ile ya lita 5.7, yenye silinda nane, ina 370. Ya lita 6.4 ina 485. Na ile inayoitwa Hellcat, iliyotoka katika modeli ya 2015, ina 707. Kwa kulinganisha, Land Cruiser ya mazutu ya lita 4.2, ile nyeupe ya mashirika ya kiutu inayopanda Fizi-Centre kila siku, ina farasi kama 130 na inatosha.

Mwezi wa Desemba 2023 kiwanda cha Brampton, nchini Kanada, kilifunga utengenezaji wa aina hiyo. Charger mpya inatengenezwa Windsor, Kanada pia. Ilianza na ya umeme, kisha ikafuata ya esansi yenye silinda sita na turbo mbili, yenye farasi 420 ama 550. Anayetaka ile ya silinda nane, yenye mlio wanaoupenda watu, analazimika kununua iliyokwisha kutumika. Na hapo shida zinaanza.

Hesabu ya deni

Kule Marekani mtu hapimwi kwa mshahara peke yake. Anapimwa kwa namba inayoanzia 300 mpaka 850, inayoonyesha jinsi anavyolipa madeni. Mkimbizi anayeshuka ndege hana namba hiyo kabisa. Deni lake la kwanza huwa ni lile la tiketi ya ndege, ambalo anaanza kulirudisha miezi kama sita baada ya kufika. Halina faida, na akililipa vizuri linamjengea jina. Wengi hawaambiwi, ama wanaambiwa katika wiki ya kwanza, wakati kichwa kimejaa baridi na karatasi, nao wanalisahau. Miaka miwili kiisha wanafika kwa muuzaji wa magari na namba mbaya.

Takwimu za kampuni ya Experian za mwaka wa 2024 zinaonyesha kwamba mtu mwenye namba ya chini anayenunua gari lililotumika alikuwa akidaiwa faida ya karibu asilimia 19 kwa mwaka. Mwenye namba ya chini kabisa alidaiwa zaidi ya 21.

Tuchukue mfano. Gari linauzwa dola 22,000. Kijana anatoa 2,000 na kukopa 20,000 kwa miezi 72. Kwa faida ya asilimia 19 atalipa dola 468 kila mwezi. Mwisho wa miaka sita atakuwa ametoa zaidi ya 33,600, maana yake zaidi ya dola 13,600 zimekwenda kwa faida tu. Mwenzake mwenye namba nzuri, aliyepewa asilimia 7 kwa gari hilohilo, analipa 341 kwa mwezi, na faida yake yote haifiki 4,600. Tofauti kati ya hao wawili ni dola 9,000 hivi, na gari ni moja.

Dola 13,600 zinanunua nini Baraka? Pikipiki sita mpya, na chenji inabaki. Na zile 468 za kila mwezi? Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapati hata nusu yake.

Deni si mzigo wote. Benki inayokopesha inalazimisha asiransi kamili, si ile ndogo. Kwa kijana mwenye perimi mpya na gari la jina kama Charger, dola 250 ama 300 kwa mwezi si ajabu. Ongeza esansi. Tuseme anabaki na dola 2,700 kwa mwezi baada ya kodi ya serikali, na nyumba ni 1,100. Gari linakula 468, asiransi 250, esansi 200. Anabaki na chini ya dola 700 za chakula, umeme, simu, nguo za baridi, sadaka. Katika hizo ndimo atatoa za kutuma kwa Western Union ama kwenye Airtel Money ya mama. Akiwa mwaminifu sana atatuma 100. Huko Baraka watasema amekuwa mchoyo, kwa sababu wameona gari.

Wauzaji wanaokopesha wenyewe, bila benki, ndio wa kuogopwa zaidi. Wanaweka bango la kumkaribisha kila mtu, hata asiye na namba. Bei yao iko juu ya soko, malipo yanafuatwa kila wiki ama kila wiki mbili, na baadhi yao wanafunga kifaa ndani ya gari kinachozuia motere kuwaka mteja akichelewa. Asipolipa, gari linavutwa usiku. Linauzwa mnadani kwa bei ndogo, na anaendelea kudaiwa kilichobaki. Analipa gari ambalo halioni tena.

Si haki kuwacheka. Mtu aliyekaa Nyarugusu miaka ishirini alihitaji karatasi ya ruhusa ili atoke nje ya kambi. Kuwa na gari lako, kuamka saa tisa usiku na kwenda kazini bila kumwomba yeyote, ni kitu ambacho asiyeishi kambini hawezi kukipima. Na katika miji mingi ya Marekani basi ni chache. Bila gari hakuna kazi. Swali ni gari gani, na kwa deni gani.

Wezi, polisi na mifuko ya hewa

Taasisi ya Marekani inayokusanya takwimu za asiransi za magari, HLDI, ilitangaza mwaka wa 2023 kwamba Charger Hellcat za modeli ya 2020 hadi 2022 zilikuwa zikiibiwa mara 60 zaidi kuliko gari la kawaida. Kampuni ilikuwa imejibu tangu 2021 kwa kuweka programu ya siri: asiyeingiza namba zinazotakiwa anapewa motere isiyozidi nguvu za farasi tatu. Ni nguvu ndogo kuliko ya pikipiki yoyote ya taximan wa Baraka. Lakini asiransi haiangalii hadithi hiyo, inaangalia orodha ya yaliyoibiwa, na bei inapanda.

Polisi wenyewe wanaendesha Charger. Kwa miaka mingi kampuni iliwatengenezea aina yao maalumu, na zikizeeka zinauzwa mnadani kwa bei ya kuvutia. Mnunuzi anaona kilomita chache na anafurahi. Hajui kwamba gari la polisi linasimama saa nyingi motere ikiwaka bila kutembea. Katika gari la namna hiyo saa za motere ndizo za kuulizwa, na nyingi zinazionyesha kwenye dashibodi.

Kwa zile za silinda nane, mafundi wanasikiliza mlio mmoja: tik-tik-tik inayoendelea hata motere ikiwa imepata moto. Inaweza kuwa boliti ya bomba la moshi iliyokatika. Inaweza pia kuwa mti wa kamu na vipande vinavyousukuma vimeanza kulika, na kazi hiyo inagharimu maelfu ya dola. Anayenunua bila kumlipa fundi wa pembeni alitazame gari, kwa sababu tu muuzaji anaongea Kiswahili ama ni wa kanisa moja naye, anacheza bahati nasibu.

Jambo la hatari kuliko yote halina mlio. Charger za miaka ya 2006 hadi 2015 ni kati ya magari yaliyowekewa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Mifuko hiyo ikizeeka inaweza kulipuka wakati wa ajali na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Novemba 2022, baada ya vifo, mtengenezaji aliwaambia wenye Charger za 2006 hadi 2010, pamoja na magari mengine ya ukoo huo, yote karibu 276,000, waache kabisa kuyaendesha mpaka yatengenezwe. Kutengenezwa ni bure. Magari ya miaka hiyo ndiyo ya bei ya chini, na ndiyo ambayo mgeni anaanza nayo. Kila gari lina namba ya herufi na tarakimu 17, inaonekana kwenye kioo cha mbele upande wa dereva. Ukiiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa barabarani, unajua papo hapo kama kazi hiyo imefanywa. Hata mdogo mtu aliye Baraka mwenye intaneti kidogo anaweza kumwangalizia kaka yake.

Namba hiyohiyo inatumika kujua kama gari liliwahi kuibiwa ama kufutwa na asiransi baada ya ajali ama mafuriko. Gari lililofutwa na kutengenezwa upya linang'aa kama jingine lolote. Karatasi yake ya umiliki ndiyo inayosema ukweli.

Na ile michezo ya kuzungusha gari katikati ya njia panda usiku, moshi wa mipira ukipanda huku wenzako wanachukua video? Polisi wa majimbo mengi sasa wanalishika gari. Fomu ya kuomba uraia pia inauliza kama mtu aliwahi kukamatwa ama kuandikiwa makosa.

Je, linaweza kufika Baraka?

Kila mwaka kuna mmoja anayeuliza. Kwa sheria ya barabara, Charger ina faida: usukani wake uko kushoto na Kongo inaendesha upande wa kulia, tofauti na magari ya Japani yanayopitia Dar es Salaam yakiwa na usukani upande wa kulia. Njia nayo ipo. Gari linaingia katika kontena kwenye bandari ya Marekani, linashuka Dar es Salaam, linapanda treni ama lori hadi Kigoma, mwisho wa reli iliyofika huko mwaka wa 1914, kisha linavuka ziwa Tanganyika. Upande wa Kongo kuna Kalemie na Kalundu ya Uvira, bandari ambayo maji ya ziwa yaliivamia mwaka wa 2024. Kuna DGDA ya duani, kuna OCC, kuna TVA ya asilimia 16, na kuna karatasi nyingine ambazo kila anayeingiza bidhaa Mushimbakye anazifahamu kuliko mwandishi yeyote.

Shida inaanza likishagusa udongo. Tumbo la Charger liko sentimita kama 13 juu ya ardhi. Barabara ya kitaifa namba 5, inayotoka Uvira kupita Makobola, Mboko na Nundu mpaka Baraka, kisha kupanda Fizi na kuendelea Lulimba kuelekea Kalemie, ni ya udongo kwa sehemu kubwa upande huu, na wakati wa mvua Land Cruiser zenyewe zinalala njiani. Mito inayoshuka milimani, kama Mutambala, haijali gari lina farasi wangapi. Kwa sentimita 13, kartere ya oili inaweza kupasuka kabla gari halijaona Fizi-Centre.

Kisha kuna cha kulinywesha. Esansi ya Baraka nyingi inauzwa barabarani na akina kadhafi, katika chupa na bidoni, na hakuna anayejua imechanganywa na nini. Hellcat inadai esansi ya daraja la juu; ikipewa mbaya, motere inagonga na inaweza kujiharibu. Ile ya silinda sita inavumilia zaidi. Usalama wa njia ni habari nyingine: gari lisilo na ndugu yake katika wilaya nzima linaonekana kutoka mbali, na vizuizi vya wenye silaha kati ya Uvira na Misisi vinahesabu bei kwa macho.

Waliofanya hesabu vizuri huko ugenini wamechagua njia mbili tofauti. Kuna wanaonunua kwanza Corolla ama Camry ya bei ndogo, wanalipa kwa miaka miwili ama mitatu bila kuchelewa, namba yao inapanda, kisha wanaingia kuitafuta Charger kwa chama cha akiba na mikopo badala ya muuzaji wa kando ya barabara. Wengine wanaangalia nyumbani. Kwa bei ya Charger moja wanapata Land Cruiser kuukuu ya mazutu ya kubeba samaki na abiria kati ya Baraka na Uvira, gari ambalo fundi yeyote wa Baraka analifungua akiwa amefumba macho na ambalo piesi zake zinapatikana Uvira. Hilo linahitaji ndugu mwaminifu wa kulisimamia, na kila familia ya Fizi inajua kama inaye ama haina.

Charger mpya ya umeme, yenye farasi 670 katika aina yake ya juu, ina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Baraka, ambako nyumba nyingi zinapata mwanga wa paneli za jua ama jenereta, italiona gari hilo kwa simu kwa muda mrefu bado, na hata simu hiyo inachajiwa dukani kwa malipo.